Kiwele Kisichosikia Dawa: Hotuba kwa Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa wa Pemba

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, ndugu wafugaji, mabwana na mabibi mifugo, wenye maduka ya dawa za mifugo, na nyinyi mnaopita na madumu alfajiri kukusanya maziwa ya kupeleka Chake, Wete na Mkoani, nakushukuruni kwa kuja.

Leo nazungumzia maradhi ya kiwele na bakteria wake waliokuwa sugu, yaani wasiouliwa tena na dawa. Nianze na lile ninaloliona ndilo kubwa. Dawa tunazozitegemea kutibu kiwele ni chache: penisilini na jamaa zake, streptomaisini, oksitetrasaiklini ambayo wengi tunaiita OTC, na tyubu kadhaa za kusukumwa ndani ya chuchu, zenye dawa mbili tatu zilizochanganywa. OTC hiyo hiyo ndiyo anayochomwa ng'ombe mwenye ndigana baridi, mwenye kidonda cha kwato, ndama anayeharisha, na wakati mwengine ng'ombe aliyekataa tu kula asubuhi moja. Kila dozi inayotolewa bila ya haja, au inayotolewa pungufu, inaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi wale wakali. Mfugaji anayejua lini asichome sindano anatulindia dawa sote.

Kiwele kina robo nne. Kila robo ina tezi zake, mifereji yake na chuchu yake, na maziwa ya robo moja hayapiti kwa ndani kwenda robo nyengine. Ukiona wiki hii imeumwa robo ya mbele kulia na wiki ijayo ya nyuma kushoto, jua bakteria wamepita nje: kwenye mkono wa mkamuaji, kwenye kitambaa kimoja kilichofuta ng'ombe wote, kwenye kopo la mafuta ya kukamulia linalochovywa vidole vile vile banda zima, au mdomoni mwa ndama anayenyonya huku na kule. Wanaingia kwa tundu la chuchu, kijifereji chenye urefu wa kama sentimita moja tu, ambacho baada ya kukamua hukaa wazi nusu saa hadi saa nzima kabla ya kujifunga sawasawa.

Bakteria wenyewe tunawagawa makundi mawili. Wapo wanaoishi kwenye viwele na ngozi za chuchu, wanaoambukizwa wakati wa kukamua: stafilokokasi aureasi na streptokokasi agalaktia. Na wapo wanaokaa kwenye kinyesi, matope na matandiko: E. koli, klebsiela na streptokokasi uberisi. Masika, banda likijaa tope na ng'ombe akilala juu ya samadi, hao wa kundi la pili ndio hushamiri. Klebsiela anapenda hasa unga wa mbao ulio mbichi na wenye unyevu, kwa hivyo anayetandika kwa unga wa mbao wa seremala aukaushe juani kwanza.

Mgawanyo huu ndio unaoamua matibabu. Streptokokasi agalaktia kwa kawaida huondoka vizuri kwa tyubu ya penisilini. E. koli ana utando wa nje ambao penisilini ya kawaida haiupenyi, na mara nyingi mwili wa ng'ombe wenyewe humfukuza ndani ya siku chache. Fangasi, ambao huingizwa kwenye kiwele kwa sindano na mirija michafu, hawauliwi na antibayotiki yoyote, yaani dawa za kuua bakteria. Stafilokokasi aureasi ndiye mkorofi kuliko wote, na ndiye nitakayemzungumzia zaidi.

Bakteria anakuwaje sugu? Kwa stafilokokasi, njia ya kwanza ni kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijafanya kazi. Kimeng'enya cha aina hiyo kilielezwa na watafiti Abraham na Chain mwaka 1940, kabla penisilini haijaanza kutibu wagonjwa hospitalini. Uwezo huo ulikuwapo tayari. Wingi wa dawa ndio uliowapa nafasi wenye nao. Njia ya pili ni pampu: bakteria anakuwa na vijipampu kwenye ngozi yake vinavyoitoa OTC nje haraka kuliko inavyoingia. Njia ya tatu ni kubadilisha kile kiungo ambacho dawa hukishika, dawa ikija haina pa kujishikiza. Stafilokokasi wa namna hii wa tatu huzikataa dawa zote za jamii ya penisilini, pamoja na kloksasilini ambayo iko kwenye tyubu nyingi.

Na ujuzi huo hawabaki nao peke yao. Vinasaba vya usugu mara nyingi hukaa kwenye vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria mmoja humpa mwenzake. E. koli wa tumboni mwa ndama aliyenyweshwa maziwa yenye dawa anaweza kuwapa usugu bakteria wengine waliomo humo tumboni, nao wakatoka na kinyesi, wakaingia kwenye samadi, shambani na kisimani. Ndiyo maana nasema maziwa ya ng'ombe aliye kwenye matibabu asipewe ndama. Najua inauma kuyamwaga. Yachimbieni shimo mbali na kisima.

Mwenye shaka kwamba hili linamhusu binadamu asikilize. Mwaka 2022 ilichapishwa hesabu ya dunia nzima iliyokadiria kuwa, kwa mwaka 2019 pekee, watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya usugu wa bakteria. Waliotajwa kuongoza kwa kuua ni E. koli, akafuata stafilokokasi aureasi, kisha klebsiela. Ni majina yale yale niliyoyataja kwenye kiwele. Si kila kabila la bakteria wa ng'ombe humshika mtu, lakini njia ipo: mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walitangaza stafilokokasi sugu mwenye kinasaba kipya waliyemkuta kwenye maziwa ya ng'ombe, na wakamkuta kwa watu pia.

Sasa liko jambo linalowachanganya hata wataalamu. Maabara inasema stafilokokasi huyu anauliwa na dawa fulani, ng'ombe anatibiwa kwa dawa hiyo hiyo, lakini haponi. Hapo usikimbilie kusema dawa ni feki. Stafilokokasi akikaa wiki kadhaa ndani ya kiwele hujijengea majipu madogo yaliyozungukwa na kovu, na dawa haifiki katikati. Hujificha ndani ya seli za ng'ombe, hata zile seli nyeupe zilizokuja kumla. Hujifunika kwa ute wakiwa wamelundikana, na wale wa ndani hulala bila ya kukua. Penisilini huua bakteria anayekua, aliyelala haimgusi. Maabara inapima bakteria walio wazi kwenye sahani. Ndani ya kiwele hali ni nyengine, na dawa ikiwafikia kidogo kidogo wiki baada ya wiki inakuwa kama maji yanayorashiwa moto wa makumbi: juu unazima, ndani unafuka. Ndiyo sababu ng'ombe mzee, mwenye robo mbili au tatu zilizoumwa na aliyeugua muda mrefu, ana nafasi ndogo sana ya kupona stafilokokasi akiwa bado anakamuliwa. Kumrudishia tyubu mara ya tatu na ya nne ni kuupalilia usugu kwa fedha yako mwenyewe.

Basi tufanyeje? Kwanza kuyajua maradhi mapema. Kabla ya kukamua, toa mikamuo 3 au 4 ya mwanzo kwenye kikombe chenye rangi nyeusi au kilichofunikwa kitambaa cheusi. Ukiona mabonge, maji maji, au damu, maradhi yako wazi. Usikamulie sakafuni; hapo unawatandikia ng'ombe bakteria.

Lakini maradhi mengi ya kiwele hayaonekani kwa macho. Maziwa ni meupe, kiwele kiko laini, na kila siku unapoteza kiasi bila ya kujua. Haya tunayakamata kwa kipimo cha California, ambacho wataalamu hukiita CMT. Ni kibao chenye vikombe vinne, kimoja kwa kila robo. Baada ya kutoa mikamuo ya mwanzo, kamua kiasi cha mililita 2 kila kikombe, tia dawa ya kipimo kiasi hicho hicho, zungusha kibao taratibu kwa sekunde 10, na usome papo hapo, kabla ya sekunde 20 kupita. Maziwa yakibaki majimaji, robo ni salama. Yakiwa mazito kama ute, robo ina maradhi. Yakijikusanya katikati kama yai la kuku, maradhi ni makubwa. Ute huo unatokana na DNA ya seli nyeupe zilizopasuliwa na sabuni iliyomo kwenye dawa ya kipimo. Asiyepata dawa ya kipimo anaweza kutumia sabuni ya unga ya kufulia, gramu 15 kwa nusu lita ya maji, akakoroga mpaka iyeyuke yote. Haina rangi ya kusaidia jicho, lakini ute unaonekana. Usipime ng'ombe aliyezaa chini ya wiki moja wala aliye karibu kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa kabla ya kuzaa. Anaweza kukupa jibu la maradhi hata kama hana.

Robo ikionekana ina maradhi kwa kipimo hiki tu, na ng'ombe hana dalili nyengine, usikimbilie dukani. Mkamue wa mwisho, mpime tena baada ya wiki, na kama ute bado upo peleka maziwa maabara. Matibabu ya maradhi yaliyojificha mara nyingi yanafaa zaidi wakati wa kumkausha, na hapo nitafika.

Maradhi yakiwa wazi, tazama ukali wake. Kama ni mabonge tu, au mabonge na robo kuvimba, lakini ng'ombe anakula, anacheua na joto lake liko chini ya nyuzi 39.5, unayo saa 24 za kufikiri. Katika nchi zenye maabara karibu, wataalamu huchukua maziwa, husubiri jibu la siku moja, na wengi wa ng'ombe hao hawapewi antibayotiki kabisa kwa sababu bakteria ni E. koli au ameshaondoka. Kusubiri huko hakumdhuru ng'ombe wa hali hiyo. Mkamue robo ile iishe, mweke pakavu, mpe dawa ya maumivu kwa ushauri wa mtaalamu.

Lakini ng'ombe akiwa na homa au baridi ya masikio, macho yameingia ndani, hataki kusimama, na maziwa yamekuwa maji ya njano, usisubiri hata magharibi. Mwite mtaalamu wa mifugo. Huyo anahitaji maji mwilini, dawa ya kutuliza uvimbe na antibayotiki ya sindano. Robo ikiwa ya baridi na ya buluu, imeshakufa. Kinachookolewa ni uhai wa ng'ombe.

Hesabu ya dozi ndiyo inayokosewa zaidi. Watu wanatoa mililita 10 kwa kila ng'ombe, mkubwa na mdogo, kwa mazoea. Chukua kamba ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe. Kisha zidisha kwa urefu kutoka begani hadi ncha ya nyonga ya nyuma. Gawa kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa 150 na urefu wa 130 ana kiasi cha kilo 270. OTC ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita. Ikiwa lebo inasema miligramu 10 kwa kilo, ng'ombe huyo anahitaji miligramu 2,700, yaani mililita 27, igawanywe sehemu zaidi ya moja, na irudiwe siku zote zilizoandikwa. Aliyemchoma mililita 10 amempa chini ya nusu. Dozi ile haikumtibu, imewafundisha bakteria.

Na kabla ya hesabu hiyo, ulizeni kama sindano inafaa. Penisilini na streptomaisini zikichomwa pajani hupita kwa shida kutoka kwenye damu kwenda kwenye maziwa. Kwa ng'ombe asiye na homa, mwenye robo moja iliyoumwa, tyubu ya kiwele hufikisha dawa pale inapotakiwa. Tumieni idadi na nafasi za saa zilizoandikwa kwenye pakiti. Mabonge kuondoka siku ya pili si ruhusa ya kuacha.

Kuingiza tyubu kuna adabu yake. Kamua robo iishe. Osha mikono. Futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, ukibadilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Kama ni chuchu zote nne, safisha kwanza zile za upande wa mbali nawe, kisha za karibu. Kuingiza dawa anza na za karibu, ili mkono usipitie juu ya chuchu ulizokwisha kuzisafisha. Ingiza ncha ya tyubu milimita 3 tu, sukuma dawa, kisha chovya chuchu. Ncha ikiingizwa yote inautanua ule mfereji na kubeba uchafu hadi ndani. Tyubu moja ni ya robo moja. Na nakuombeni sana, msivute dawa kwenye chupa ya sindano mkaisukuma kwenye chuchu kwa mrija uliotumika. Fangasi wa kiwele huingia hivyo, na wakishaingia, kila antibayotiki unayoongeza inawasaidia wao.

Wenye maduka, nanyi nina neno nanyi. Msimimine dawa nusu chupa kwenye kichupa kisicho na lebo. Mnunuzi hajui nguvu yake, hajui tarehe, hajui siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au nyama. Chupa isikae dirishani juani. Dawa iliyopungua nguvu kwa joto ni dozi pungufu hata kama mililita zimetimia.

Siku za kusubiri ndizo zinazotuunganisha na mnywaji wa chai asiyetujua. Tyubu nyingi huhitaji siku 3 au 4 baada ya dozi ya mwisho. OTC ya muda mrefu, ile inayodumu mwilini siku kadhaa, huweza kufika wiki. Lebo ndiyo yenye neno la mwisho. Hesabu inaanza dozi ya mwisho, na maziwa ya robo zote nne hayauzwi, kwa sababu dawa ya robo moja huingia damuni na kutoka kwengine. Kuchemsha hakuondoi. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu penisilini mikrogramu 4 tu kwa kilo ya maziwa. Ng'ombe mmoja aliyetibiwa akichanganywa kwenye dumu anaweza kuliharibu dumu zima. Anayegandisha mtindi huligundua kabla ya maabara: maziwa yanakataa kuganda kwa sababu bakteria wa mtindi wamekufa. Ramadhani maziwa yanatafutwa na bei inapanda, na hapo ndipo kishawishi cha kuuza mapema huwa kikubwa. Kumlisha mwenzio dawa katika futari yake bila ya yeye kujua ni dhuluma, na silisemi kwa kupamba maneno.

Kinga inaanza mikononi. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kila ng'ombe. Chuchu zioshwe kwa maji machache na zikaushwe kwa kitambaa chake kila ng'ombe, kifuliwe na kuchemshwa kila siku. Kamua wazima kwanza, mitamba waliozaa mara ya kwanza watangulie, wagonjwa wawe wa mwisho. Ukimaliza, chovya kila chuchu kwenye dawa ya iodini ya asilimia 0.5. Kama haipo ya kununua, chukua povidoni iodini ya asilimia 10 mililita 500, maji yaliyochemshwa na kupoa mililita 400, na gliserini mililita 100. Unapata lita moja ya nguvu hiyo, maana povidoni ya asilimia 10 ina iodini inayofanya kazi asilimia 1 tu. Changanya kidogo kidogo. Iliyobaki kwenye kikombe mwaga, usiirudishe kwenye chupa, kwani kinyesi huiua nguvu. Kisha mpe ng'ombe mabingobingo mabichi horini asimame akile mpaka tundu la chuchu lijifunge.

Kukausha ndiyo nafasi bora ya kumtibu mwenye maradhi yaliyojificha. Siku 60 kabla ya kuzaa, baada ya mkamuo wa mwisho, robo zake zinatiwa tyubu maalumu za kukaushia, ambazo dawa yake hudumu wiki nyingi. Tyubu hizo kamwe zisitiwe ng'ombe anayekamuliwa. Aliyekuwa safi kwa vipimo vya nyuma hahitaji antibayotiki. Banda kavu na kuchovywa chuchu siku za mwanzo zinamtosha.

Mnapopeleka maziwa maabara, yachukueni kabla ya dawa yoyote. Safisha chuchu kwa spiriti, mwaga mikamuo ya mwanzo, kilaze kichupa safi cha maabara pembeni ili vumbi na nywele zisiangukie ndani, kamua mililita 5 hadi 10, funga. Andika ng'ombe, robo na tarehe. Weka kwenye barafu na kifike ndani ya saa 24. Kutoka Micheweni au Konde hilo linawezekana kichupa kikiondoka asubuhi. Stafilokokasi hutoka kwenye maziwa kwa vipindi, kwa hivyo jibu moja la kwamba hayupo halitoshi kumsafisha ng'ombe uliyemshuku. Rudia mara ya pili.

Na yule ambaye stafilokokasi wake haondoki hata baada ya kukaushwa na kutibiwa, mtenge, mkamue wa mwisho, kisha mtoe bandani. Usimuuze kwa jirani kama ng'ombe wa maziwa, kwani unamuuzia maradhi ya banda zima. Muuzie mchinjaji, na kabla hajachinjwa siku za kusubiri za nyama ziwe zimetimia. Kwa OTC ya muda mrefu zinaweza kufika 28, na mwenye bucha aoneshwe tarehe ya sindano ya mwisho iliyoandikwa kwenye daftari lako.